Somo: Kuitembelea Tukuyu, mji wa maziwa ya ng'ombe na maporomoko

Habari zenu wadau. Wengi wetu Tukuyu tunaiona dirishani tu, tukiwa kwenye basi la Kyela: migomba, chai, ukungu, mara mji umepita. Somo hili ni la anayetaka kushuka. Shauri langu kubwa nalitanguliza: lala hukohuko angalau siku mbili, na siku yako uipange kwa saa za kukamua. Alfajiri ni ya ng'ombe, asubuhi ni ya maporomoko, alasiri iachie mvua. Anayekuja na kurudi Mbeya siku hiyohiyo hufika maziwa yameshakusanywa na mawingu yameshashuka.

1. Chagua majira
Rungwe, wilaya ilimo Tukuyu, ni kati ya wilaya zinazopata mvua nyingi zaidi nchini, na sehemu kubwa hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Mvua hushika kuanzia Novemba hadi Mei, Machi na Aprili ikiwa kilele. Mimi nawashauri watu Juni: mito bado imejaa na njia zimeanza kushikika. Lakini beba sweta la maana, kwani mji uko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi na baridi ya Juni na Julai haina mzaha.

2. Panda gari
Coaster za Tukuyu na Kyela utazipata stendi ya Nane Nane, Mbeya. Zinapita Uyole, kisha lami inapanda na kushuka kwa takriban kilomita 70 hadi mjini. Kaa upande wa kushoto. Kukiwa kweupe utauona Mlima Rungwe, unaokaribia mita 3,000.

3. Tafuta mfugaji siku moja kabla
Hapa ndipo penye utamu, kwa hiyo nitakaa kidogo. Usimvamie mtu bandani. Muulize mwenye nyumba ya wageni, au nenda kituo cha kukusanyia maziwa uombe kuunganishwa na mfugaji. Familia nyingi zina ng'ombe mmoja hadi watatu, chotara wa Friesian au Ayrshire, wanaofugwa ndani na kukatiwa majani ya tembo. Ukifika, "Shikamoo" inatosha. Ukiweza kusalimia kwa Kinyakyusa, "Ugonile", utapokewa kwa furaha zaidi. Kushukuru ni "Ndaga fijo".

Fika saa 12 kamili asubuhi. Simama pembeni, usiende nyuma ya ng'ombe, usipige picha kwa mwanga wa ghafla: ng'ombe akishtuka anazuia maziwa. Tazama mikono ya mkamuaji. Anaosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, anakikausha kwa kitambaa safi, kisha matone ya kwanza anayakamulia kwenye kikombe chenye rangi nyeusi. Mabongemabonge yakionekana pale, ni dalili ya ugonjwa wa kiwele, na maziwa hayo hayaingii kwenye mkebe.

Baada ya hapo fuatana naye hadi kituoni. Mpokeaji anakoroga mkebe, anachota kidogo, anachanganya na alkoholi kwenye kijibomba cha kioo na kukitikisa. Maziwa yakishika vipande vipande, yanakataliwa, maana yameanza kuchacha. Laktomita, kipimo cha uzito wa maziwa, nayo inafichua yaliyotiwa maji. Utamwona mama aliyeamka kabla ya jogoo akitazama kile kijibomba bila kupepesa. Pesa ya ada ya shule iko mle ndani. Ukishaona hivyo, hutabishana bei na muuza maziwa tena.

4. Nenda kwenye maporomoko
Kaporogwe ndiyo ya kuanza nayo. Shuka kama unakwenda Kyela, kata kona kijiji cha Ushirika, kisha chukua bodaboda. Iko takriban kilomita 25 kusini mwa Tukuyu. Nyuma ya pazia la maji mwamba umeingia ndani kama baraza, na unaweza kusimama pale maji yakianguka mbele ya uso wako. Vaa viatu vyenye meno, kwani ule udongo ukilowa ni sabuni.

Upande wa Kiwira kuna Daraja la Mungu, tao la mwamba wa volkano juu ya Mto Kiwira, na Kijungu, ambapo mto unajisokota ndani ya chungu cha mawe. Kijungu kiko eneo la Magereza: ripoti getini na usipige picha za majengo.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, naweza kunywa maziwa palepale bandani?*
Hapana ndugu yangu, hata ukikaribishwa kwa moyo mweupe. Maziwa mabichi yanaweza kukuletea bruselosi, homa inayosumbua kwa muda mrefu. Omba yachemshwe, mwenyeji hatachukia. Au mjini nunua mtindi, ule pamoja na ndizi.

*Nimwachie mfugaji pesa?*
Afadhali umnunulie maziwa kwa bei yake, na uongeze sukari au sabuni kama zawadi. Kama amekutembeza nusu siku, mlipe muda wake, na mkubaliane mapema.

*Nina watoto wa miaka 6 na 9. Kaporogwe wataiweza?*
Wakati wa kiangazi, ndiyo, mkiwashika mkono kwenye mteremko. Msiogelee chini ya maporomoko. Na maji yakigeuka rangi kuwa ya kahawia ghafla, tokeni mtoni mara moja hata kama mlipo jua linawaka, kwa sababu mvua imeshapiga huko juu.

*Siku ya tatu nikiwa nayo niende wapi?*
Ziwa Masoko, ziwa la kreta (shimo la volkano), kusini-mashariki mwa mji. Ni safari fupi na haichoshi. Kama miguu ina nguvu, panda msitu hadi ukingo wa Ziwa Ngosi, lakini chukua mwongozaji kijijini na uanze mapema. Ukungu ukifunga pale juu, hutaliona ziwa kabisa.