Trafiki anaiona bajaji yako tu, fuso la tajiri halioni? Namna ya kulalamika hapa Kigoma mpaka usikilizwe

Mwakeye wana Kigoma. Haya maneno yapo kila kijiwe, kuanzia Mwanga sokoni mpaka Kibirizi na Ujiji, kwamba polisi wana watu wao. Fuso linashusha simenti kwenye duka kubwa limeziba nusu ya barabara toka asubuhi na hakuna anayeliuliza, ila bajaji ikisimama kidogo kumshusha mama na dumu lake la mawese imeshaandikiwa. Baa yenye mwenyewe inapiga mziki mpaka alfajiri, mama ntilie akichelewa kufunga anaambiwa anafuga wahuni. Inauma sana, na kinachoniuma mimi zaidi ni kwamba tunaongea kijiweni tunamaliza hasira halafu kesho yanaendelea yale yale. Kulalamika rasmi kunawezekana, hulipi hela wala huhitaji wakili, ila kuna namna ya kwenda nayo la sivyo unarudishwa mlangoni.

Kubwa kuliko yote ni hili: upendeleo unaonekana ukilinganisha watu wawili. Ukienda kwa OCD, yaani mkuu wa polisi wa wilaya, ukasema nimeandikiwa faini nimeonewa, atakuuliza swali moja tu, je ulisimama pasiporuhusiwa au hukusimama? Ulisimama. Basi, hapo huna tena cha kusema. Lakini ukienda na maelezo kwamba siku hiyo hiyo, barabara hiyo hiyo, askari huyo huyo aliandikia bajaji tatu na hapo hapo mbele yake kuna gari la mzigo limesimama kwenye kosa lile lile na hakuligusa, sasa anayetakiwa kujieleza ni askari, sio wewe.

Kwa hiyo anza na daftari. Daftari la kawaida la shule linatosha. Kila tukio andika tarehe, saa, mahali hasa (usiandike "Mwanga" tu, andika karibu na nini), kosa lenyewe, namba za gari au jina la biashara, na askari alifanya nini kwa huyu na alifanya nini kwa yule. Jina la askari au namba yake kama unaiona kwenye sare, kama huioni andika zamu na alikuwa na gari gani. Andika palepale au jioni yake, usingoje wiki maana saa zinachanganyika na ukikosea moja watasema yote umetunga. Tukio moja ni rahisi kulikwepa, atasema sikuliona lile fuso, yakijirudia mara kadhaa hiyo sikuliona inakuwa ngumu kuisema.

Picha zinasaidia, piga ile hali yenyewe, gari lilivyoziba na namba yake ionekane. Mi nashauri usimsogezee askari simu usoni na usirekodi ndani ya kituo, hapo unajitafutia kesi nyingine na ile ya msingi inapotea. Risiti na karatasi za faini tunza zote. Na hapa wenye bodaboda na bajaji mkumbuke, faini yenu kwa kosa moja ilishushwa mwaka 2021 kutoka 30,000 mpaka 10,000 na inalipwa kwa kontroo namba. Ukiambiwa utoe kesh mkononi bila karatasi hiyo sio faini tena ndugu yangu, ni jambo lingine ambalo nalifikia hapo chini.

Kabla hujaandika barua ya malalamiko hakikisha unamlalamikia mhusika. Leseni ya biashara na kibali cha vileo ni mambo ya halmashauri, makelele ya baa yana afisa mazingira wa manispaa na NEMC, wale wa mazingira ngazi ya taifa, na wale wanaobomoa vibanda mara nyingi ni mgambo wa manispaa sio polisi. Nimeona watu wanawatupia polisi lawama zote, barua inajibiwa kwa mstari mmoja kwamba suala hili halituhusu, na kweli haliwahusu. Polisi walalamikie kwa kile walichofanya polisi, yaani walipigiwa simu hawakuja, walikuja wakaongea na mwenye duka wakaondoka, walikamata huyu wakamwacha yule.

Barua iwe ukurasa mmoja. Lugha ya heshima, usiweke matusi wala "wote mnakula rushwa" kama huna ushahidi wa rushwa. Kitu kama hiki:

"Mimi ni dereva wa bajaji, mkazi wa Gungu. Nalalamikia utekelezaji usio sawa wa sheria ya usalama barabarani eneo la ... Kati ya tarehe ... na tarehe ... madereva wa bajaji wameandikiwa faini kwa kusimama eneo hilo wakati magari ya mzigo ya duka la ... yalisimama hapo hapo bila kuchukuliwa hatua (orodha ya matukio na picha nimeambatanisha). Ibara ya 13 ya Katiba inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria. Naomba uchunguzi ufanyike, sheria isimamiwe kwa wote, na nijibiwe kwa maandishi."

Ona kwamba hapo hujaomba ufutiwe faini yako. Hiyo ni makusudi, ukiomba ufutiwe wanakuona umekuja kwa ajili ya elfu kumi yako. Na mkiwa wengi wenye sahihi ni vizuri zaidi, chama cha madereva au wafanyabiashara wadogo wa soko zima, maana kumtafuta mmoja kumkomoa inakuwa shida.

Peleka kwa ngazi. Anza na mkuu wa kituo, yaani OCS, au yule mkaguzi wa polisi wa kata yenu, wengine ni watu wasikivu kabisa na mambo yanaishia hapo. Ikishindikana OCD, halafu RPC (kamanda wa polisi wa mkoa), na kama ni mambo ya barabarani nakala kwa RTO (mkuu wa trafiki wa mkoa). Mkuu wa wilaya naye mpe nakala kwa sababu ndo mwenyekiti wa kamati ya usalama ya wilaya. Kila unapopeleka nenda na kopi mbili, moja inabaki, yako igongwe mhuri wa kupokelewa na tarehe. Bila mhuri hujapeleka kitu. Kama kwenda ofisini ni shida kuna e-Mrejesho, mfumo wa serikali wa kupokea malalamiko, unaingia kwa *152*00# kwenye simu yoyote hata ya kitochi.

Sasa ile ya hela. Ukiombwa hela, au unajua mwenye duka anawapa hela askari, hiyo ni ya TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, piga 113 ni bure, au nenda ofisini kwao. Nenda KABLA hujatoa, wao wanajua kuweka mtego, ukishatoa na wewe umeingia maana sheria ya rushwa ya mwaka 2007 inambana mtoaji na mpokeaji. Sheria hiyo hiyo ina kosa la kutumia madaraka vibaya, kwa hiyo hata kama hukuona hela ikipita mkononi, ukiwa na lile daftari lako bado unaweza kuwapelekea.

Na ukikaa mwezi hujajibiwa andika ya kukumbushia, taja tarehe ya mhuri. Kimya tena, nenda Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Makao yake yako Dodoma, hawatozi chochote, wanapokea malalamiko dhidi ya vyombo vya serikali polisi wakiwemo, ila shauri ambalo tayari liko mahakamani hawaligusi, kwa hiyo usikimbilie kufungua kesi kama unataka kupita kwao. Wanachotoa ni mapendekezo, sio hukumu. Hata hivyo RPC akiandikiwa na Tume anatakiwa kujibu na faili linafunguka.

Nawaomba kitu kimoja, msianze na kurusha kwenye magrupu ya WhatsApp. Hasira naijua, lakini sheria ya makosa ya mtandao ya 2015 inaadhibu taarifa za uongo, na kama kuna kitu kidogo umekosea, labda jina la askari sio lenyewe, wewe ndo unageuka mtuhumiwa na fuso linaendelea kushusha simenti.

Wakianza kukufuatilia baada ya barua, unasimamishwa kila kona, daftari ni lile lile. Andika kila tukio kuanzia siku ile ya mhuri, kisha peleka barua ya pili kwa ngazi ya juu ya ile ya kwanza ukiambatanisha nakala ya kwanza, na ukitaje kisasi kama kisasi. Kuna sheria ya kulinda watoa taarifa na mashahidi ya 2015, itaje humo ndani. Kopi zote weka seti nyingine kwa mtu unayemwamini nje ya nyumba yako.