Namna ya kuipima stiki ya TV kabla hujailipia, Unguja na Pemba

Stiki ya TV ni kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye HDMI ya TV ili uone huduma za intaneti, na boksi lake si ushahidi wa kitu chochote. Maneno 4K, 8K, RAM GB 8 na hifadhi GB 128 humgharimu mtengenezaji wino tu, na ndiyo yanayouza. Stiki hupimwa ikiwa imechomekwa na picha inacheza, na kazi yote haizidi dakika 20 kwa aliyejiandaa. Nenda dukani na simu yenye bando la GB 2 hivi, hotspoti uliyokwisha kuiwekea nywila fupi isiyo na alama ngumu, kwa sababu kuandika kwa rimoti kunachosha, na akaunti za huduma unazozitazama kweli. Muuzaji wa Darajani au Mlandege mwenye TV ukutani anaweza kukuchomekea. Akikataa, nenda duka la pili. Kwa anayenunua Unguja na kuishi Wete au Mkoani hili halina mjadala: ukishavuka na stiki mbovu, nauli ya boti ya kuirudisha itakula chote ulichookoa kwenye bei.

Cheti kabla ya 4K

Huduma za kulipia kama Netflix hazimpi kila kifaa picha safi. Kwanza zinakagua kinga ya hakimiliki iitwayo Widevine, nayo ina daraja. Kwenye L1 video inafunguliwa ndani ya sehemu ya chipu iliyolindwa. Kwenye L3 inafunguliwa na programu peke yake. Stiki ya L3 hupewa picha ya kiwango cha chini, mistari 480, hata kama TV yako ni ya 4K na intaneti inakimbia. Juu ya hapo Netflix ina idhini yake yenyewe, kwa hiyo kifaa kinaweza kuwa na L1 na bado kikanyimwa HD. Watu wengi hulaumu bando wakati kosa liko kwenye cheti, yaani idhini hizi.

Kutambua si vigumu. Stiki yenye cheti cha Google ikiwashwa huonyesha Android TV au Google TV, na kila kitu ndani yake hufikiwa kwa vishale vya rimoti. Isiyo na cheti inakupa kioo cha simu kilichonyooshwa kwa upana: vialama vidogo, duka la programu la simu, na kishale cha kompyuta unachokisukuma kwa rimoti kutafuta pa kubonyeza. Ukikiona kishale hicho, rudisha stiki mezani. Kama bado una shaka, pakua kwenye stiki programu ya bure DRM Info na usome mstari wa daraja la usalama wa Widevine. Fire TV ya Amazon haipiti kwa Google na ina duka lake la programu. Hiyo ipime kwa kufungua huduma yenyewe na kuangalia kama inatoa HD.

Maandishi ya kumbukumbu yapime kwa akili ya kawaida. Stiki nyingi za majina yanayojulikana zina RAM ya GB 1 hadi 2 na hifadhi ya GB 8: Mi TV Stick ya mwaka 2020 ilikuwa na GB 1 na GB 8, na Chromecast yenye Google TV ya mwaka huohuo GB 2 na GB 8. Fire TV Stick 4K Max ya 2023 ilifika GB 16. Sasa stiki isiyo na jina, ya bei nusu ya hizo, ikikwambia GB 128, jiulize chipu hizo zimelipiwa na nani. Mfumo wenyewe huweza kuhaririwa uonyeshe namba ya uongo, hivyo hata ukurasa wa mipangilio si wa kuaminiwa. Kwa matumizi, GB 1 ya RAM inatosha kutazama, ila ukitoka programu moja kwenda nyingine utasubiri. Tafuta GB 1.5 au 2.

Kuna stiki zinazouzwa zikiwa zimejazwa chaneli za bure, mpira wote na filamu zote. Tunasema bila kusitasita: usinunue. Mbali na kwamba ni mali ya wizi na chaneli hufungwa wakati wowote, vifaa vya Android vya bei ya chini visivyo na cheti ndivyo vilivyokutwa na BADBOX, programu haramu iliyoingizwa kabla boksi halijafunguliwa. Watafiti wa usalama waliieleza mwaka 2023, na Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa onyo kuhusu toleo lake la pili. Moja ya kazi zake ni kupitisha safari za mtandao za watu wengine kwenye intaneti ya nyumba yako. Kwa mtu wa bando, hiyo ni kulipia data ya mgeni asiyemjua.

Kipimo cha YouTube

Hiki ndicho kipimo tunachokiamini kuliko vyote. Unganisha stiki na hotspoti yako, fungua YouTube, tafuta video ya mpira iliyoandikwa 1080p60, yaani fremu 60 kwa sekunde. Ikianza, bonyeza alama ya gia, weka ubora 1080p60, kisha washa Stats for nerds. Kibao cha maandishi madogo kitatokea pembeni. Soma mistari miwili.

Wa kwanza ni wa kodeki, yaani namna video ilivyobanwa. Ukiona av01, stiki inafungua AV1, mbano mpya unaotoa picha ileile kwa data pungufu. Ukiona vp09, ni VP9, nayo ni nzuri. Ukiona avc1 kwenye kila video ya aina hii, huenda stiki ni ya kizazi cha zamani na itakula bando zaidi. Hapa ukubwa wa namba kwenye boksi hudanganya hata kwa majina makubwa: Chromecast yenye Google TV ya 4K ya 2020 haina AV1, lakini ndugu yake wa bei ndogo, ya HD ya 2022, anayo.

Wa pili ni wa fremu zilizodondoka. Iache video dakika 5. Zitapita fremu 18,000. Zikidondoka chache, chini ya mia moja, sawa. Zikipita 180, hiyo ni asilimia 1, na jicho litaona mpira ukiruka badala ya kuviringika. Zikiongezeka kwa mfululizo huku akiba ya video, yaani sehemu iliyokwisha kupakuliwa mbele, imejaa, chipu imeshindwa. Zikidondoka pale tu akiba inapofika sifuri, wa kulaumiwa ni mtandao wa dukani, si stiki. Tofauti hii ndiyo itakayokuzuia kukataa kifaa kizima au kuchukua kibovu.

Video ikiendelea, shika mwili wa stiki. Joto la kikombe cha chai iliyopoa ni la kawaida. Ikiwa huwezi kuishikilia, fikiria itakuwaje wakati wa kaskazi, nyuma ya TV iliyobanwa ukutani: chipu ikipata moto hujipunguzia kasi, na filamu inayocheza vizuri saa ya kwanza inaanza kukwama saa ya pili.

Hakikisha pia kwamba programu unazozitaka zimo kwenye duka la stiki hiyo, kwa akaunti ya Tanzania. Programu kuwepo kwenye simu hakuleti maana kuwa ipo kwenye TV. Kama unanunua kwa ajili ya Kombe la Mapinduzi mwezi wa Januari, ifungue programu ya mrushaji hapohapo dukani, ingia kwa akaunti yako, na uone picha.

Umeme

Tundu la HDMI la TV halilishi stiki. Volti 5 zinazopita kwenye HDMI hutoka kwenye stiki kwenda TV, si kinyume chake, ilhali stiki nyingi zinataka ampea 1, nyingine 1.5. Ndiyo maana kuna waya wa pili. Wengi huuchomeka kwenye USB ya TV kwa kuwa iko karibu, lakini USB 2.0 hutoa miliampea 500. Dalili yake inajulikana: nembo inatokea, menyu inafunguka, na mara tu video inapoanza stiki inajizima na kuwaka upya. Kitu kingine, USB ya TV hukatika kila unapozima TV. Stiki ikikatwa katikati ya sasisho inaweza kuganda kwenye nembo moja kwa moja.

Tumia chaja iliyokuja nayo. Ikiwa ni ya Marekani yenye pini mbili bapa, soma maandishi madogo ya INPUT: ikisema 100-240V, adapta ya pini tatu inatosha; ikisema 120V pekee, umeme wetu wa 230V utaiunguza. Usirefushe kwa waya mwembamba wa mita 3 wa simu, maana volti hupotea njiani. Chomeka TV, stiki na ruta kwenye TV gadi moja yenye kuchelewesha. Umeme unaporudi kwa kishindo, ndipo vifaa hivi hufa.

Umeme ukirudi, stiki huwaka kabla ya ruta kuwa tayari, ikasema hakuna mtandao. Subiri dakika 2 au 3, kisha izime na kuiwasha. Ikiwa mtandao upo lakini kila programu inakataa, angalia tarehe. Stiki haina betri ya saa. Isipopata saa kutoka kwenye mtandao hubaki na tarehe ya zamani, na vyeti vya usalama vya tovuti hukataliwa vyote kwa pamoja.

Nyumbani kwako

Kasi ipime kwenye stiki yenyewe, si kwenye simu ukiwa umekaa kando ya ruta, na uipime kati ya saa 2 na saa 4 usiku watu wote wakiwa nyumbani. Kipimo cha asubuhi ni cha kujifurahisha. Netflix inapendekeza Mbps 3 kwa 720p, 5 kwa 1080p na 15 kwa 4K. Usipofika 15 usiku, 4K ya stiki hiyo ni pambo.

Kuta za Mji Mkongwe ni shida ya peke yake. Jiwe la matumbawe na chokaa, unene nusu mita au zaidi, linameza Wi-Fi, hasa ya GHz 5. Kwa nyumba hizo tumia GHz 2.4 ukumbini, au iweke ruta karibu na mlango ili mawimbi yapite kwenye uwazi. Nyumba ya matofali ya Mwanakwerekwe au Chake Chake, ruta na TV zikiwa chumba kimoja, chagua GHz 5. Na usiiache stiki imelala kwenye bati la mgongo wa TV: kile kipande kifupi cha HDMI kilichomo kwenye boksi kimewekwa ili uitoe pembeni, ipate mawimbi na hewa.

Stiki haiuoni mtandao ambao simu zote zinauona? Mara nyingi ni ya soko la Marekani, ambako chaneli 12 na 13 za GHz 2.4 hazitumiki, na ruta yako imejichagulia 13. Ingia kwenye ruta, weka chaneli 1, 6 au 11. Vifaa vingi vizima vimerudishwa dukani kwa kosa hili.

Bando nalo lina hesabu. Netflix kwa ubora wa kati hutumia GB 0.7 kwa saa, HD hadi GB 3, 4K hadi GB 7. Saa 2 kila usiku kwa siku 30 ni GB 42 kwa ubora wa kati na GB 180 kwa HD. Ubora huwekwa kwenye akaunti, kwa simu au kompyuta. Zima video zinazojichezea kwenye ukurasa wa mwanzo, na kwenye Fire TV washa Data Monitoring ikuonye ukikaribia kikomo. Wiki ya kwanza, soma salio kabla ya kulala na asubuhi: stiki iliyolala ikila mamia ya MB kila usiku, ondoa shaka, kuna kitu kinaitumia.

TV uliyonayo

TV ya kichogo inahitaji kigeuzi cha kutoka HDMI kwenda AV. Vipo vya kutoka AV kwenda HDMI, vinafanana kama mapacha na haviwezi kazi hii, kwa hiyo soma mshale. Maandishi yatakuwa madogo, na baadhi ya huduma zitaonyesha weusi kwa sababu kigeuzi hakijui HDCP, kinga ya kuzuia kunakili inayopita kwenye HDMI. Kwa TV ya 4K ya miaka ya mwanzo, HDCP 2.2 huenda ipo kwenye tundu moja tu la HDMI, jaribu yote. Picha ikikatwa kingo, ni mpangilio wa TV.

Stiki iliyotumika ichukue pale tu muuzaji anapoitoa kwenye akaunti ya mwenye nayo wa kwanza mbele yako na kuirejesha upya. Uliza pia kama bado inapata masasisho: Machi 2025 Chromecast za kizazi cha pili ziligoma kwa wakati mmoja kwa sababu cheti cha ndani kilimaliza muda, na zilifufuka kwa sasisho la Google tu.

Kwa nyumba za pwani, Nungwi, Jambiani au Makangale, chumvi hutua kwenye miguu ya HDMI, na picha huanza kumetameta. Chomoa kila baada ya miezi michache, futa kwa pamba yenye spiriti safi, acha ikauke dakika 10, ndipo urudishe.