Jinsi ya Kupinga Mjengo Mpya Mtaani: Mwongozo kwa Wakazi wa Nairobi

Katika mitaa ya Nairobi kama Kilimani, Kileleshwa na Lavington, ambako ploti nyingi zilikuwa na nyumba moja na bustani yake, maghorofa sasa yanajengwa bega kwa bega. Mkazi anayeanza kulalamika baada ya matingatinga kufika huwa amechelewa, kwa sababu sheria humpa muda mfupi wa kusikilizwa.

Anza na tangazo. Kwa mujibu wa Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, anayeomba kubadilisha matumizi ya ardhi hana budi kuutangazia umma, na mwenye pingamizi ana siku 14 za kuliwasilisha kwa serikali ya kaunti. Lipige picha bango lililo kwenye ploti, tarehe yake isomeke, kisha wajulishe majirani siku hiyohiyo.

Sambamba na hilo, huenda mtaalamu wa mazingira aliyeajiriwa na mwenye mradi akapita nyumba hadi nyumba na dodoso. Wengi hulijaza kwa haraka, au humwachia mlinzi alijaze langoni, wasijue kwamba karatasi hiyo huambatishwa kwenye ripoti inayopelekwa NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira inayotoa leseni ya mradi, kama ushahidi kwamba wakazi walishirikishwa. Eleza humo hofu zako zote, piga picha kila ukurasa, na usitie sahihi karatasi yenye nafasi zilizoachwa wazi. Kwa maoni yangu, hapa ndipo mitaa mingi hushindwa, kabla hata ya kufika mbele ya afisa yeyote.

Barua ya pingamizi ijengwe juu ya mambo yanayoweza kuthibitishwa: bomba la majitaka lililowekwa kuhudumia familia chache, mgao wa maji unaowalazimu wakazi kutegemea visima, barabara ambayo magari mawili hupishana kwa shida, au idadi ya ghorofa inayozidi kiwango kilichoruhusiwa katika eneo hilo. Ambatisha picha zenye tarehe. Malalamiko kuhusu aina ya watu watakaohamia yaachwe kabisa, kwani hayana uzito wa kisheria na, kusema kweli, huwatia aibu wanaoyatoa. Barua ya chama cha wakazi ni nzuri, ila kila familia pia iandike yake, na kila mmoja abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Mkinyimwa michoro au ripoti, ombeni rasmi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, inayompa afisa siku 21 za kujibu. Kwa kuwa siku hizo ni nyingi kuliko zile 14, msisubiri majibu ndipo mwasilishe pingamizi.

Kaunti ikiidhinisha mradi, asiyeridhika hukata rufaa ndani ya siku 14 kwa kamati ya uhusiano ya mipango ya kaunti, na baadaye katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Leseni ya NEMA hupingwa kwa njia tofauti, katika Jopo la Kitaifa la Mazingira, ndani ya siku 60. Rufaa moja haizuii muda wa nyingine kuyoyoma, kwa hiyo wakili aonyeshwe idhini ya kaunti na leseni ya NEMA mara tu zinapopatikana.