Kukarabati mashua ya mbao iliyozeeka: kuanzia magadi hadi kalafati

Mashua iliyokaa nchi kavu miezi mingi huonyesha mwanga kila penye maungio, kwa sababu mbao zimekauka na kusinyaa. Mianya mingi kati ya hiyo itajifunga yenyewe maji yakirudi. Fundi mwenye pupa huipiga yote kalafati, yaani huijaza pamba, hadi ikabana. Mashua ikishushwa, mbao hufura, zinakosa nafasi, kisha zinang'oa misumari au kuvunja mataruma (mbavu za mashua). Basi kila hatua hapa ifanye ukifikiria ubao uliolowa, si huu mkavu ulio mbele yako.

1. Isimamishe sawasawa

Uzito wote ulale kwenye mkuku (uti wa chini wa mashua), juu ya magogo imara. Magadi, yaani miti ya kuegemeza ubavuni, ni ya kuizuia isilale tu. Yakibebeshwa uzito yatasukuma mbao ndani. Vuta uzi kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma) kando ya mkuku. Ukiona mkuku umepinda, unyooshe kwa kabari, kidogo kidogo kwa siku kadhaa, kabla ya kubadilisha ubao wowote. La sivyo mbao mpya zitaushikilia upinde huohuo. Tengeneza kivuli pia, maana jua linaendelea kukausha na kupasua.

2. Toa rangi, tafuta uozo

Rangi ya zamani huenda ina madini ya risasi. Usiichome kwa moto wala kuikwangua kavu: lowesha, vaa barakoa, tandaza turubai chini.

Gonga kila ubao kwa mpini wa nyundo. Ulio mzima hulia, uliooza hutoa sauti butu. Penye shaka choma kwa ncha ya bisibisi. Chunguza zaidi mahali maji ya mvua yanapotuama: chini ya sitaha, kwenye pembe za omo na tezi, na miguu ya mataruma. Maji ya mvua ndiyo yanayoozesha, kuliko ya chumvi. Ukikuta duara jeusi kuzunguka msumari wa chuma, kutu imeshaudhoofisha ubao. Msumari mpya kwenye tundu lilelile hautashika.

3. Badilisha mbao

Kwanza funga vipande vya kukingama ndani, ubavu hadi ubavu, na usitoe mbao nyingi zinazopakana kwa mara moja. Mashua hupoteza umbo bila wewe kuona. Kata hadi sentimita 15 hivi kupita mwisho wa uozo, kufuata nyuzi za ubao. Puti juu ya uozo haiponyi kitu. Kuoza kunaendelea chini yake.

Ubao mpya uwe na unyevu wa takriban asilimia 15. Viungo vya ncha visiangukie nafasi moja kati ya mataruma, ila kama mbao 3 zimevitenganisha. Ukiunga kwa gundi, mteremko wa ncha zinazolaliana uwe 1 kwa 8: ubao wa milimita 25, mteremko wa urefu wa milimita 200. Usichanganye misumari ya chuma na ya shaba, kwa kuwa ndani ya maji ya chumvi chuma kitaliwa upesi. Parafujo za shaba ya manjano nazo hazifai chini ya maji: zinki hutoka, inabaki shaba inayokatika kwa mkono.

4. Kalafati

Hapa usiharakishe. Kwangua pamba na puti ya zamani hadi uone mbao safi, bila kupanua mwanya. Ungio zuri limebana upande wa ndani na kufunguka nje, takriban milimita 1.5 kwa kila milimita 25 za unene wa ubao. Kama liko wazi hadi ndani, pamba itapenya na kuangukia kwenye ngama (sakafu ya chini ndani ya mashua, maji yanapokusanyika). Hapo bandika kipande chembamba cha mbao, kwa gundi upande mmoja tu ili upande wa pili ucheze.

Paka praima (rangi ya kwanza ya msingi) ndani ya ungio. Chukua uzi wa pamba, uingize kwa vikunjo vidogo ukitumia patasi butu ya kalafati: mwanya mpana, vikunjo vya karibu, mwembamba, uzi ulionyooka. Kisha rudi ukipiga nyundo kwa mapigo mepesi yaliyo sawa, hadi pamba ijibane ikabaki kama kamba chini ya uso wa ubao. Ubao wa jirani ukitikisika, umezidisha. Paka praima tena juu ya pamba, kisha jaza puti laini, ukiiacha imebonyea kidogo ili mbao zikifura isisukumwe nje. Epoksi ngumu usiitumie hapa, kwani haibonyei. Ubao utapasuka pembeni yake.

5. Rangi na kushusha

Rangi ya kuzuia viumbe vya baharini ipakwe mwisho, karibu na siku ya kushusha. Siku chache kabla, tandaza magunia yaliyolowa ndani ya mashua.

Ikishuka itavuja. Iache imefungwa mahali penye kina kidogo, pampu ikiwa tayari mchana na usiku. Pima maji ya ngama kila saa na uandike. Kiasi kikipungua siku hadi siku, mbao zinafunga. Kisipopungua baada ya siku 3 au 4, weka alama ndani panapotoka maji, ipandishe, ufungue ungio hilo peke yake.