Somo: Kitundu cha upinde wa kampaundi kinapogeuka upande

Mwaka juzi, wiki ya pili ya msimu wa kuwinda kwa upinde huku Missouri, Marekani, kulungu dume alisimama hatua kama ishirini kutoka kwenye mti niliokuwa juu yake. Nikauvuta taratibu upinde wangu wa kampaundi, ule wenye magurudumu kwenye ncha, nikaegemeza mkono shavuni, nikachungulia: giza tupu. Kile kitundu cha kulengea kinachokaa katikati ya nyuzi za ugwe, ambacho kilipaswa kutazamana na jicho langu, kilikuwa kimegeukia sikioni. Nikaanza kunyonga kiganja ili kirudi. Dume akainua kichwa, akaniangalia, akaondoka zake bila hata haraka. Hiyo kutokuwa na haraka ndiyo iliyoniuma.

Nyumbani nikaongeza kosa: nikakishika kitundu kwa vidole, nikakigeuza. Kesho yake kikarudi kulekule. Kitundu hakijiendeshi, kinafuata ugwe. Ugwe ni nyuzi nyingi zilizosokotwa pamoja, na ukivutwa msokoto wake unajirekebisha, kwa hiyo kila kilichomo ndani kinazunguka nao. Ndiyo maana haijalishi kitundu kinatazama wapi upinde ukiwa umetulia. Kinachohesabika ni kinapotazama ukishavuta hadi mwisho.

Hatua ya 1: umri wa ugwe. Kama ni mpya, usirekebishe chochote bado. Piga mishale 100 hadi 200 kwanza, nyuzi zinyooke na kukaa. Wengi wanahangaika siku ya kwanza, wanarekebisha, kisha ugwe unatulia na kuharibu kazi yote.

Hatua ya 2: tazama mara kumi. Weka mshale, elekea kwenye shabaha, funga macho, vuta, tulia, fungua. Unaona duara kamili, mwezi mchanga, au huoni kitu? Andika kila mara. Hapa ndipo siri ilipo, usiharakishe. Kikigeuka kiasi kilekile mara zote kumi, tatizo ni msokoto, na dawa yake iko hapa chini. Kikigeuka kila mara kivyake, usiguse msokoto: kagua uzi wa kukazia uliozungushiwa ugwe kama umelegea, halafu jikague mwenyewe. Mimi nilikuwa navuta huku kiganja kimelala upande. Nilipokinyoosha, nusu ya tatizo ikaisha bila kufungua kitu.

Hatua ya 3: kosa dogo, kitanzi. Nazungumzia kile kitanzi cha kamba unachokinasa kwa kifyatuo, kile kifaa cha mkononi cha kuvutia na kuachia ugwe. Kizungushe kidogo sana kwenye ugwe kwa koleo, kuelekea upande uleule ambao kitundu kinatazama. Inasikika kinyume, lakini fikiria: ukivuta, kitanzi kinalazimishwa kunyooka kwako, na kikinyooka kinaugeuza ugwe wote kurudi. Usizidishe. Kitanzi kilichopindwa sana kinakula uzi wa kukazia na kuusukuma mshale pembeni.

Hatua ya 4: kosa kubwa, nusu msokoto. Hii inataka presi ya upinde, mashine inayoubana upinde ili ugwe ulegee. Huna presi? Peleka dukani, usijaribu kuufungua kwa magoti na mwenzako akishikilia. Upinde ukishabanwa kwenye presi, toa ncha ya ugwe kwenye kemu (gurudumu la ncha ya upinde) ya juu, iliyo karibu na kitundu, ongeza nusu msokoto, rudisha, kisha jaribu. Kama hali imezidi kuwa mbaya, rudi ulikotoka na upunguze nusu. Kabla ya yote chora alama kwa kalamu ya rangi ya fedha mahali kitundu kilipo, maana urefu wa ugwe ukibadilika hata kidogo, kitundu kinapanda au kushuka na mshale unafuata. Hakikisha pia kemu zote mbili bado zinafika mwisho pamoja.

Hatua ya 5: hesabu nyuzi. Ugwe wa nyuzi 24 unatakiwa ugawanyike 12 kulia na 12 kushoto kwa kitundu. Ukikuta 11 na 13, mambo yote uliyofanya juu yatakuwa ya bure. Zigawe upya, kisha funga uzi juu na chini ya kitundu ili kisiteleze.

Na katika majaribio yote haya, usiachie ugwe bila mshale. Upinde unaweza kupasuka mkononi.

Maswali ya wanachama

Kaka, changu kina mpira mwembamba unaokivuta kikae sawa. Nahitaji haya yote?
Hapana, mpira unafanya kazi hiyo. Ila unazeeka na kukauka, na ukikatika wakati umevuta unaweza kukuchapa usoni. Ubadilishe kabla ya 15 Septemba, msimu unapofunguliwa huku Missouri, usingoje uonyeshe nyufa.

Asubuhi kiko sawa, jioni kimegeuka. Nimerogwa?
Upinde unaushindisha wapi? Kama ni kwenye gari lililofungwa juani, umepata mchawi wako. Joto linalegeza nta na kuzinyoosha nyuzi. Uweke ndani, kisha rudia hatua ya 2.

Mimi navuta kwa mkono wa kushoto, dada yenu. Nigeuze maelekezo ya kitanzi?
Usigeuze, dada. Sikusema kulia wala kushoto, nimesema upande ambao kitundu kinatazama. Kanuni ni ileile.

Niko Nakuru, nimeletewa kampaundi na shemeji. Naweza kuwindia?
Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, ndugu. Tundika shabaha kwenye majani makavu yaliyofungwa vizuri, nyuma yake pasiwe na njia ya watu. Kitundu kitakusumbua vilevile.

Nimeongeza nusu msokoto, sasa kitundu kiko sawa lakini mishale inapiga juu.
Angalia ile alama ya kalamu. Nakisia kitundu kimepanda. Kirudishe kwenye alama ndipo uguse pini za kulengea za mbele, la sivyo utakuwa unafukuza makosa mawili kwa wakati mmoja.