Miche ya nyanya kurefuka chini ya migomba: tatizo ni rangi ya kivuli

Kwenye vihamba vya Moshi, yaani mashamba ya nyumbani yenye migomba, kitalu huwekwa chini ya migomba, maana pana ubaridi na udongo haukauki upesi. Mbegu huota vizuri tu. Siku chache baadaye shina ni jembamba kama uzi na mche umelala ubavu. Hapo mtu humwaga mbolea ya chumvichumvi, na urefu unazidi.

Jani la mgomba hufyonza mwanga mwekundu (urefu wa wimbi nanometa 660 hivi) kwa kujitengenezea chakula, lakini mwekundu wa mbali (730), ambao jicho letu haliuoni vyema, huuacha upite. Juani rangi hizo mbili zinakaribiana, mwekundu ukitangulia kidogo. Chini ya majani mazito wa mbali ndio unaotawala. Ndani ya seli kuna protini iitwayo fitokromu B. Mwekundu huiwasha, ikaingia kwenye kiini cha seli na kuzidhibiti protini za kundi la PIF, nyingi zikavunjwavunjwa. Mwekundu wa mbali huizima. PIF zikiachwa huru huwasha jeni za kutengeneza auksini, homoni inayorefusha seli za shina. Mche umesoma kwamba kuna majirani juu yake, basi unakimbilia juu na kuinyima mizizi.

Neti nyeusi ya kivuli hupunguza rangi zote kwa pamoja, uwiano ukabaki uleule. Vivuli viwili vinaweza kulingana kwa giza na visilingane kabisa kwa mche. Ukibisha, weka trei moja chini ya mgomba na nyingine chini ya neti, kisha pima kwa rula kutoka udongoni hadi majani mawili ya mwanzo.

Kwa hiyo hamishia kitalu mahali peupe, mita mbili tatu kutoka majani ya mgomba yanapoishia. Simamisha nguzo za mita moja, tandaza neti nyeusi inayozuia asilimia 40 hadi 50 ya mwanga. Sia kwenye mistari, kina cha sentimita moja, mstari hadi mstari sentimita 15. Funika kwa nyasi kavu, umwagilie. Kuanzia siku ya tano chungulia kila asubuhi, na ukiona shingo za kwanza zimejikunja juu ya udongo, ondoa nyasi siku hiyohiyo. Kuchelewa hadi kesho kunatosha kuharibu, kwani gizani fitokromu haiwashwi kabisa.

Kisha punguza, ubakize sentimita tatu hadi tano kati ya miche. Usisubiri iguseane: majani ya jirani huakisi mwekundu wa mbali pembeni, na mche hushtuka kabla haujafunikwa.

Kwenye mawingu ya Juni hadi Agosti neti hiyo ni nzito mno. Mwanga wa bluu ukipungua, kriptokromu, protini nyingine inayozibana PIF, nayo hulegea. Funua asubuhi na jioni, funika jua likichoma tu. Siku 7 hadi 10 kabla ya kuhamishia shambani, ondoa neti moja kwa moja.

Shina lililokwisha kurefuka halirudi. Nyanya ina nafuu: ipande kwa kina, ukifukia shina hadi karibu na majani ya chini, nalo litatoa mizizi. Pilipili hoho usiifukie hivyo, shina lake si jepesi kutoa mizizi. Hiyo sia upya.