Kubadilisha difu ya nyuma ya Hilux kwa difu ya mtumba

Kabla hujatuma hela ya difu, lile boksi la gia linalogawa nguvu kwa matairi, kwa wauza spea wa Gerezani, Dar es Salaam, hakikisha kwanza kwamba difu ndiyo mbovu. Hapa Morogoro tunaletewa Hilux zinazoshusha mboga kutoka Mgeta, na dereva huwa ameshatoa hukumu: "Fundi, difu imekufa hiyo." Pengine kweli. Pengine ni krosi imelegea tu, yaani kiungo cha propela, ile fimbo inayopeleka nguvu kutoka gia boksi hadi difu, kitu cha bei ndogo kabisa.

Sikiliza gari lenyewe. Mlio unaopanda ukikanyaga mafuta na kubadilika ukiachia, huo ni wa krauni na pinioni, gia kubwa na ndogo za ndani ya difu. Ukiwa unanguruma vilevile ukanyage usikanyage, na kuzidi ukikata kona ya upande mmoja, shuku beringi ya tairi. Ikigonga "ko!" mara moja unapoachia klachi, ingia chini, shika propela utikise krosi kabla hujamsingizia mwingine. Halafu mwaga oili uitazame. Tope laini la kijivu ni uzee wa kawaida. Vipande unavyoweza kuviokota kwa vidole ni meno yanayokatika, na hapo hamna mjadala.

Sasa ndipo kazi yenyewe inapoanza, nayo ni kuhesabu. Difu za Hilux zinafanana kwa macho lakini ndani rasho, yaani meno ya krauni kugawa kwa ya pinioni, ni tofauti. Kuna ya meno 43 kwa 11, yaani 3.909, kuna 41 kwa 10, yaani 4.100, kuna 43 kwa 10, na kuna 41 kwa 9. Kibati cha gari kina mstari wa AXLE wenye msimbo wa difu, ila gari lililopita mikono mingi usiliamini kibati chake. Hesabu mwenyewe. Weka mawe mbele na nyuma ya matairi ya mbele, toa breki ya mkono, gia iwe nyutro. Inua tairi moja tu la nyuma na uliweke juu ya stendi. Lile la pili libaki chini. Piga alama ya chaki kwenye tairi na kwenye propela. Zungusha tairi mara 20 kamili huku mwenzako akihesabu mizunguko ya propela. Kwa kuwa lile la pili halizunguki, mizunguko hiyo 20 ni 10 tu ya krauni. Akifika 41, rasho yako ni 4.1. Akifika 43, ni 4.3. Akipata 39, ni 3.9. Hesabu hii ni ya difu ya kawaida. Yenye LSD, ile inayozuia tairi moja kuzunguka peke yake, itakugomea usiweze hata kuzungusha, na hilo nalo ni jibu, maana ukitaka gari libaki vilevile utafute yenye LSD.

Kwa nini nasisitiza? Gari la 4x4 lina difu mbili, na zote lazima ziwe na rasho moja. Ukifunga ya nyuma 4.3 na ya mbele imebaki 4.1, siku utakayotia four kwenye lami zitavutana mpaka kitu kikatike. La two wheel litatembea, lakini nguvu ya mlimani itabadilika, na kwa Hilux za zamani spidomita itadanganya kwa sababu inasoma kutoka gia boksi.

Dukani muuzaji atakuambia, "Bosi, hii mbichi, imetoka Dubai juzi." Mwitikie, kisha geuza difu uhesabu meno ya krauni na ya pinioni mbele yake. Tazama rangi: chuma kilichogeuka bluu kilishawahi kukaukiwa oili. Shika flenji ya pinioni, isukume juu na chini. Ikicheza hata kidogo, beringi zimekwisha, iache. Ukiizungusha huku na huku inatakiwa izunguke kidogo tu kabla ya krauni kufuata. Pitisha ukucha kwenye kila jino. Linganisha pia matundu ya flenji na meno ya ndani yanayoshika ekseli, zile fimbo zinazozungusha matairi. Ukiweza, safiri na ile ya zamani kwenye buti la basi, mzozo wote unakwisha.

Kuitoa si kazi ngumu. Fungua propela, baada ya kupiga alama ili irudi ilivyokuwa. Fungua paipu za breki na kebo za breki ya mkono, kisha nati nne za kila upande zinazoshika bamba la breki, uvute ekseli nje na beringi yake. Si lazima itoke yote. Ikishaachia meno ya difu inatosha. Fungua nati zote za difu, igonge taratibu kwa nyundo ya mpira. Ina zaidi ya kilo 30, kwa hiyo jeki iwe chini yake na kichwa chako kiwe mbali.

Mafundi wengi hapa wanaharakisha. Hauzingi ya zamani, lile ganda la chuma linalobeba difu na ekseli, ina unga wa chuma mpaka ndani ya mikono yake miwili. Ioshe kwa dizeli, funga kitambaa kwenye fimbo usukume mpaka mwisho, rudia hadi kitambaa kitoke safi. La sivyo umenunua difu nzima ili uilishe mchanga. Zibua na kipumulio kilicho juu ya hauzingi. Kikiziba kwa tope, presha itasukuma oili nje kupitia sili, zile raba zinazoizuia isivuje. Sili za ekseli weka mpya zote mbili.

Krauni na pinioni usizitenganishe, na nati za pembeni zinazobana beringi usiziguse. Zilisagana pamoja na zilishapimwa kiwandani. Atakayekushauri uchukue krauni hii na pinioni ya ile, mshukuru, mnyweshe chai, aende.

Kurudisha ni kinyume chake: gasketi mpya, nati zibanwe kwa msalaba, breki zitolewe upepo. Oili ni GL-5 ya 80W-90, au ya LSD kama difu ni LSD. Jaza gari likiwa limesimama sawa mpaka ianze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia.

Endesha pole kilomita 20 bila mzigo, simama, gusa hauzingi. Joto la kawaida utalivumilia mkononi; likikuunguza, rudi gereji. Oili hiyo ya kwanza mimi huimwaga baada ya kilomita 500, ndipo mzigo wa nyanya unaruhusiwa kupanda.